Chati za jedwali la elementi pale Mwanga, Kigoma: ipi ubebe, ipi uiache dukani

Katika duka moja la vifaa vya shule na uchapaji pale Mwanga, Kigoma mjini, jedwali la elementi linauzwa kwa sura tatu. Ipo chati ya karatasi ya ukubwa wa A1 iliyopigwa laminesheni, ambayo huja tayari kutoka Dar es Salaam. Lipo bango la fleksi la mita 1.8 kwa 1.2, linalochapwa hapohapo dukani. Na ipo kadi ya A5 yenye elementi 20 za mwanzo, ya kuchomeka kwenye daftari. Mwenye haraka na aishie hapa: kadi ni nzuri kuliko sura yake, chati ya karatasi ndiyo sahihi kuliko zote ila ni ya chumba kidogo, na bango lina ukubwa unaotakiwa darasani lakini maandishi yake yana makosa ya kumpotosha mwanafunzi. Bango hilo linafaa kwa sharti moja, nalo ni kupeleka faili lako mwenyewe.

Asiye na haraka tuanze na bango, maana ndilo linalovuta macho ukiingia tu.

Uzuri wake ni hesabu nyepesi. Jedwali lina makundi 18, yaani safu wima 18, kwa hiyo upana wowote ule hugawanywa kwa 18. Bango la milimita 1,800, ukitoa pambizo ya milimita 50 kila upande, linabakiza 1,700, na kila kisanduku kinapata milimita 94 hivi. Hapo alama ya elementi inaweza kusimama milimita 35. Chati ya A1 ina upana wa milimita 841. Ukitoa pambizo, kisanduku kinabaki na milimita 44, na alama haizidi milimita 14 au 15. Kwa macho ya kawaida, herufi ya milimita 25 husomeka bila kukunja uso hadi mita 7 hivi. Maana yake chati ya A1 inaishia kwa waliokaa mita 4 kutoka ukutani, na bango linamfikia hata aliyejibanza nyuma kabisa. Kwa darasa lililojaa, suala la ukubwa limekwisha hapo.

Shida inaanza ukilisogelea. Namba ndogo za chini ya alama zina ukungu: 3 inafanana na 8, na 6 ina mkia uliojazwa wino. Mashine haina kosa. Kosa ni la picha iliyolishwa. Picha yenye upana wa pikseli 1,600 ikitandazwa kwenye bango la mita 1.8, kila pikseli inakuwa kipande cha zaidi ya milimita 1. Tarakimu yenye urefu wa milimita 10 inajengwa kwa pikseli tisa tu kwenda juu, na tarakimu haijengeki vizuri kwa vipande tisa. Ndivyo zinavyotoka picha zilizorushwa kwa WhatsApp kama picha, kwa sababu programu huzibana kabla ya kuzituma. Faili likitumwa kama nyaraka, tena likiwa PDF yenye herufi halisi na si picha ya herufi, hata ukilikuza mara kumi kingo zinabaki kali. Kama lazima iwe picha, kwa bango la ukubwa huu itakiwe isiyopungua pikseli 7,000 kwa upana.

Ukungu huo ni tatizo la macho tu. Makosa ya kemia ni mazito zaidi, na yapo manne.

Kisanduku cha 19, potasiamu, kimeandikiwa mpangilio wa elektroni 2.8.9, yaani idadi ya elektroni katika kila ganda linalozunguka kiini cha atomu, kuanzia la ndani. Mtu anaweza kulitetea kosa hili: ganda la tatu lina nafasi ya elektroni 18, kwa nini lisipokee ya tisa? Lakini elektroni ya 19 haiendi huko. Inapata nishati ndogo zaidi ikianza ganda la nne kuliko ikijaza sehemu ya ndani ya ganda la tatu, ndiyo maana mpangilio sahihi ni 2.8.8.1, na kalsiamu ni 2.8.8.2. Ni mpaka skandiamu, namba 21, ndipo ganda la tatu linapoanza kuongezewa: 2.8.9.2. Mwanafunzi akimeza 2.8.9, mambo matatu yanaharibika kwa mpigo. Ataiweka potasiamu safu (mstari wa kulala) ya tatu badala ya ya nne, kwa kuwa idadi ya maganda ndiyo namba ya safu. Ataitafuta kwenye kundi la tisa. Na hataweza kueleza kwa nini potasiamu hutoa elektroni moja tu na kuwa na chaji ya +1. Kosa la tarakimu moja linabomoa mada nzima.

Kosa la pili liko kisanduku cha 9. Jina la Kiingereza la florini limeandikwa Flourine badala ya Fluorine, yaani limeanza na neno la unga wa ngano. Linachekesha, lakini mitihani ya kemia sekondari hujibiwa kwa Kiingereza, na mtoto huandika alichokiona ukutani miaka minne.

La tatu ni mshale wa pembeni unaoonyesha kuwa atomu huwa kubwa zaidi ukitoka kushoto kwenda kulia. Ni kinyume. Ndani ya safu moja, kila ukihamia kulia protoni inaongezeka moja, lakini elektroni mpya inaingia ganda lilelile. Kiini kinavuta kwa nguvu zaidi na ganda linabanwa ndani, kwa hiyo atomu hupungua. Atomu ya sodiamu ni kubwa kuliko ya klorini, ingawa klorini ni nzito zaidi. Kwenda chini ndiko atomu hukua, kwa sababu kila safu huongeza ganda jipya. Aliyechora mshale bila shaka alichanganya uzito na ukubwa wa umbo.

La nne tunalisamehe. Elementi za 113, 115, 117 na 118 bado zina alama za herufi tatu: Uut, Uup, Uus, Uuo. Hayo yalikuwa majina ya muda. Majina rasmi, nihoniamu (Nh), moskoviamu (Mc), tenesini (Ts) na oganesoni (Og), yaliidhinishwa Novemba 2016. Kwa kuwa bango hilo tayari lina Fl kwa 114 na Lv kwa 116, zilizopewa majina 2012, faili lake lilitengenezwa kati ya miaka hiyo miwili. Hii ni njia nzuri ya kujua umri wa chati yoyote unayouziwa kama mpya. Ukikuta Uub kwenye 112, chati ni ya kabla ya 2010, mwaka koperniciamu (Cn) ilipopewa jina. Hata hivyo, kwa kidato cha pili uzee huo hauna madhara. Elementi 20 za mwanzo hazijabadilika, na hakuna atakayeulizwa tabia za oganesoni, ambayo hutengenezwa maabara kwa atomu za kuhesabika na kuvunjika papo hapo. Chati kuukuu iliyo sahihi kwenye potasiamu ina thamani kuliko mpya yenye Og na 2.8.9.

Kwa hiyo ukitaka bango, waambie wakuchapie faili lako, na kabla fleksi haijaguswa dai nakala moja ya A4 ya majaribio. Ikague kwa kalamu mkononi. Uliza kama bei ni ya bango zima au ya mita ya mraba; la 1.8 kwa 1.2 ni mita za mraba 2.16, na wengine huhesabu pia ukingo unaokatwa na kutupwa. Uliza pia kama vitundu vyenye pete za chuma vya kuning'inizia vimo kwenye bei hiyo. Vinatakiwa kila pembe na kimoja katikati ya ukingo wa juu, la sivyo katikati italegea na kufanya tumbo.

Rangi nazo zina yake. Bango la duka limepaka gesi adimu, yaani kundi la 18, njano hafifu na kuandika alama zake kwa nyeupe. Ukiwa mita tatu, safu wima nzima ya kulia imetoweka. Herufi nyeusi juu ya rangi hafifu, basi.

Tuje kwenye chati ya karatasi. Hii imetengenezwa na watu wanaoijua kazi yao, na dalili zinaonekana mahali ambapo mchapaji wa kubahatisha huteleza. Tazama argoni na potasiamu: argoni, namba 18, ina tungamo (uzito wa atomu) 39.95, potasiamu, namba 19, ina 39.10. Nyepesi imekaa baada ya nzito, na ndivyo inavyotakiwa. Tazama tena teluriamu, 52, yenye 127.60, ikifuatiwa na iodini, 53, yenye 126.90, na kobalti 58.93 ikifuatiwa na nikeli 58.69. Mendeleev, mwanakemia wa Urusi, alipopanga jedwali lake 1869 alitumia uzito, lakini iodini aliiweka baada ya teluriamu kwa sababu tabia zake ni za ndugu wa klorini na bromini. Sababu ilijulikana 1913, pale Moseley, mwanafizikia wa Uingereza, alipopima mionzi ya eksirei ya elementi na kuonyesha kuwa mpangilio unafuata chaji ya kiini, yaani idadi ya protoni. Zipo chati ambazo mchapaji mwema aliona "kosa" kwenye jozi hizi akalisahihisha kwa kupanga uzito sawasawa. Ukiikuta ya namna hiyo, irudishe kwa mhudumu kwa heshima.

Mabano ya mraba nayo yako mahali pake. Teknetiamu, namba 43, imeandikwa [98], na prometiamu, 61, [145]. Mabano hayo yanasema: elementi hii haina isotopu (aina ya atomu ya elementi ileile, inayotofautiana kwa idadi ya nyutroni) iliyotulia, kwa hiyo hakuna wastani wa kupimwa, namba uliyopewa ni ya isotopu mojawapo iliyochaguliwa, kwa kawaida yenye kudumu muda mrefu. Chati ikiandika 98.000 bila mabano, aliyeichora hajui alichokiandika.

Haidrojeni imepewa rangi yake peke yake. Imekaa juu ya kundi la 1 kwa sababu ina elektroni moja, lakini si metali, na chati zinazoipaka rangi ya sodiamu na potasiamu humwachia mwalimu kazi ya kuitetea. Lanthanaidi na aktinaidi zimewekwa safu mbili za chini, 57 hadi 71 na 89 hadi 103, na katikati ya jedwali kuna visanduku viwili vinavyosema hivyo waziwazi. Ni vizuri, maana watoto wengi hudhani safu mbili zile ni safu ya nane na ya tisa. Ni vipande vya safu ya 6 na ya 7 vilivyotolewa nje ili chati isiwe ndefu kama mkeka wa harusi.

Rangi za alama zinaonyesha hali ya elementi: nyeusi kwa yabisi, bluu kwa kimiminika, nyekundu kwa gesi. Bluu ni mbili tu, bromini na zebaki, na chini kabisa kwa herufi ndogo imeandikwa nyuzi joto 25. Msiipite namba hiyo. Sesiamu huyeyuka kwenye nyuzi 28.5 na galiamu kwenye 29.8. Alasiri ya Kigoma chini ya paa la bati, zote mbili zingekuwa maji, na chati isingekuwa imesema uongo.

Sasa lawama. Ya kwanza ni udogo wa herufi, tumeshaisema. Ya pili ni namba za makundi. Chati imeandika 1 hadi 18 peke yake, wakati darasani bado wengi wanasema kundi la I hadi la VIII, au kundi la 0 kwa gesi adimu. Mtoto aliyefundishwa kuwa klorini ni kundi la VII anakuta 17 ukutani, anababaika. Dawa ipo: kwa kundi la 13 hadi la 18, ondoa 10, utapata idadi ya elektroni za ganda la nje. Klorini, 17, ina 7. Oksijeni, 16, ina 6. Heliamu ndiyo inayokataa: imekaa kundi la 18 lakini ina elektroni 2 tu, kwa kuwa ganda la kwanza halibebi zaidi ya hapo. Na makundi ya 3 hadi 12 yaacheni nje ya kanuni hiyo. Andika namba za Kirumi kwa maka peni juu ya safu wima zilizobaki. Laminesheni inapokea wino, na ukikosea unafuta kwa pamba yenye spiriti.

Ya tatu ni laminesheni yenyewe. Imekatwa sawasawa na ukingo wa karatasi, bila kubakiza nailoni ya kuishikilia. Inatakiwa ibaki walau milimita 5 kuzunguka, ambapo nailoni ya juu na ya chini zimegandana zenyewe bila karatasi katikati. Ikikatwa karatasini, unyevu unaingia pembeni na nailoni inaachia, na kwa hewa ya ziwani safari hiyo si ndefu. Ukiinunua hivyohivyo, zungushia selotepu pana angavu, nusu mbele nusu nyuma, kabla hujaitundika.

Kwa anayenunua ili ajisomee nyumbani, chati hii ndiyo yenyewe. Isome hivi. Chukua sodiamu. Juu pameandikwa 11, katikati Na, chini 22.990. Ile 11 ni protoni, na kwa atomu isiyo na chaji ni elektroni pia. Ile 22.990 ni tungamo, masi ya atomu ya darasani. Izungushe iwe 23, ondoa 11, unabaki na 12, ndizo nyutroni. Gawa elektroni 11: 2.8.1. Maganda matatu, basi ni safu ya 3; moja nje, basi ni kundi la 1, itaitoa kwa urahisi. Hamia kulia hadi klorini: 17, 2.8.7, inahitaji moja. Moja inatoa, moja inapokea, na hiyo ndiyo chumvi ya Uvinza. Kwa tungamo za mtihani, 23 na 35.5, jumla yake ni 58.5, na zaidi ya nusu ya uzito wa chumvi, asilimia 60.7, ni klorini. Chumvi yenye madini joto inaongezewa iodini, ambayo iko visanduku viwili chini ya klorini, chini ya bromini.

Herufi Na zinawasumbua wengi, wakitafuta S ya sodiamu. Alama kadhaa zimetoka Kilatini: Na, K ya potasiamu, Fe ya chuma, Cu ya shaba, Ag ya fedha, Au ya dhahabu, Pb ya risasi, Sn ya bati, Hg ya zebaki. Kumi hivi zikishikwa kwa kichwa, mengine yanajisoma. Na tukiwa kwenye Sn, mabati ya nyumba zetu hayana uhusiano nayo: ni chuma kilichopakwa zinki, Zn, namba 30. Jina tu ndilo lililobaki.

Kuna mtego mmoja kwenye ile hesabu ya nyutroni ambao chati haiusemi, na walimu wachache huugusa. Namba ya chini ni wastani wa isotopu zote zinazopatikana kiasili. Kwa sodiamu hakuna tatizo, isotopu yake ya asili ni moja. Kwa klorini, 35.45, mtoto anasita mwenyewe: hakuna atomu yenye nusu nyutroni. Karibu robo tatu ya klorini ni ya tungamo 35 na robo ni ya 37, ndipo wastani unaangukia hapo. Hatari ipo kwenye bromini. Imeandikwa 79.904, unazungusha 80, unaondoa 35, unapata nyutroni 45 na unaridhika. Lakini bromini ya asili ni 79 na 81, karibu nusu kwa nusu, zenye nyutroni 44 na 46. Atomu yenye 45 haimo kwenye bromini ya kawaida. Ndiyo maana swali zuri la mtihani husema "isotopu ya tungamo fulani" badala ya kukuacha usome wastani.

Na mtihani ukikupa Na = 23, tumia 23. Desimali tatu za chati zitakupa jibu linalotofautiana na la msahihishaji kwa sehemu ndogo, na utapoteza muda bure.

Kadi ya A5 haina mengi ya kusemwa, na hiyo ni sifa. Elementi 20, namba, alama, jina, tungamo lililozungushwa kama la mtihani, na mpangilio wa elektroni. Potasiamu iko sahihi, 2.8.8.1. Dosari yake ni aina ya herufi. Wametumia herufi zisizo na vikonyo, kwa hiyo l ndogo ya klorini ni kijiti kilekile cha I kubwa, ambayo ni alama ya iodini, ingawa iodini yenyewe haimo kwenye kadi. Mtoto anaandika C na I kubwa, na kwenye kemia hiyo si klorini tena, ni kaboni na iodini zimesimama pamoja. Mfano wa Co na CO ni maarufu zaidi: kobalti ni metali, CO ni gesi ya jiko la mkaa inayoua usingizini. Herufi ya pili ya alama ni ndogo siku zote. Chora mkia mdogo kwenye l ya kadi kwa kalamu, tatizo limekwisha. Ikilinganishwa na fedha unayotoa, hakuna kitu bora zaidi dukani humo kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili.

Wapo wanaochora wenyewe kwenye manila. Kwa elementi 20 ni kazi ya jioni moja na inatosha. Kwa 118 usijaribu. Manila moja inakupa visanduku vidogo, na kuunganisha nne kunapoteza mstari wa safu.

Huduma ya duka ni ya adabu, ila wana haraka ya kufunga mzigo. Mhudumu akisema "Nikufungie, mwalimu?", mjibu taratibu: "Subiri kaka, ifungue kwanza niisome." Vituo vya kusoma ni saba, na havizidi dakika tatu: 9 kwa tahajia, 17 na 53 kwa kutofautisha l na I, 18 na 19 kwa tungamo na elektroni, 43 kwa mabano, 118 kwa umri wa chati. Kisha tazama mshale wa ukubwa wa atomu, kama upo. Chati ikifeli kwenye 19, iache hata kama imepunguzwa bei.

Usikubali ikunjwe mara nne iingie kwenye mfuko. Laminesheni ikikunjwa, mstari mweupe haufutiki, na mara nyingi unapita juu ya metali za mpito, zile za katikati ya jedwali, ambako namba zimebanana. Izungushwe, upande wenye maandishi ukiwa nje, ili ukiitundika ukingo usijikunje kuelekea kwa msomaji. Anayeteremka Kibirizi kupanda boti aitie kwenye kipande cha bomba la plastiki la inchi 3, azibe ncha zote mbili kwa nailoni na mpira. Karatasi iliyolaminishwa inavumilia matone juu, ila maji yakituama kwenye ukingo uliokatwa vibaya, imekwisha.

Ukutani, epuka upande unaopigwa na jua la alasiri linaloshukia Kongo ng'ambo ya ziwa. Nyekundu na njano ndizo hupauka kwanza, na zikipauka, makundi mawili uliyoyatofautisha kwa rangi yanakuwa kitu kimoja. Kwa chati yenye kung'aa, itundike ikiwa imeinama kidogo mbele, sentimita mbili tatu juu, ili mwanga wa dirisha uangukie sakafuni badala ya machoni.

Bango likichakaa usilichome jalalani. Fleksi ni nguo iliyofunikwa kwa PVC, na katika kila gramu 62.5 za PVC tupu, gramu 35.5 ni klorini. Ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayochoma macho na koo. Ligeuze, upande wa nyuma ulifunikie meza ya maabara: tindikali iliyochanganywa na maji haiitoboi, ila asetoni iwe mbali nalo.